Usipouliza, Hatoki Mtu

Mpira wa miguu tunaujua sisi. Hapa Kolwezi mtoto hajang'oa meno ya utoto, tayari anakueleza nani apangwe mbele Mazembe na nani akae benchi. Dakika 90, mwamuzi katukanwa, mshindi kajulikana, watu wamerudi kula bukari na sombe. Kulikuwa na shida gani hapo?

Shida ilishuka kwenye basi. Mpwa wangu amemaliza masomo Kampala, na ukoo mzima ulitegemea arudi na diploma na mchumba. Diploma kaleta. Mahali pa mchumba kaleta gongo bapa la mti na mpira mwekundu wa ngozi, gramu 160 hivi, ambao ukikupata gotini huna haja ya kuuliza mchezo unaitwaje. Unaitwa kriketi. Wabelgiji walitufanyia mengi, lakini hilo walituepusha nalo. Waingereza hawakuwa na huruma hiyo kwa jirani zetu.

Basi nikueleze nilivyoelezwa. Timu ni mbili, watu 11 kila upande. Upande mmoja unatawanyika uwanjani kurusha na kudaka. Upande wa pili unaingiza wapigaji wawili tu. Tisa waliobaki wanakaa kivulini wakingoja zamu, na bado wanahesabiwa wamo mchezoni. Mimi hayo nilikuwa nimeyaona maofisini tu. Katikati pana kinjia kigumu cha mita 20 na kidogo, na kila ncha imesimikwa vijiti vitatu vilivyobebeshwa vipande viwili vidogo vya mti: hiyo ndiyo wiketi. Kwetu wiketi ni kreti tupu ya bia, na nani aliyeimaliza si habari ya leo.

Mrushaji anakuja mbio, anaachia mpira mkono ukiwa umenyooka. Akikunja kiwiko na kukinyoosha wakati wa kurusha, kosa. Mipira sita ni ova moja, kisha mwenzake anarusha kutoka ncha ya pili. Wapigaji wakibadilishana ncha, wamepata mbio moja. Mpira ukibingirika hadi mpakani ni nne, ukiuvuka mpaka bila kugusa chini ni sita. Mpaka wetu mmoja ni barabara ya malori ya shaba yaendayo Kasumbalesa. Ukipiga nne upande huo, mchezo unasimama mpaka vumbi litue na dereva amalize kutoa maoni yake.

Mpigaji anatoka mpira ukibomoa wiketi, ukidakwa kabla haujagusa chini, wiketi ikivunjwa yeye yungali njiani, au akiukinga kwa mguu mpira uliokuwa unaiendea wiketi. Kumi wakitoka, zamu inageuka.

"Na inachukua muda gani?" nikauliza. Mpwa akajikuna kichwa. Ile fupi, ya ova 20 kila upande, saa tatu na ushee. Ya ova 50, siku nzima. Ile wanayoiita tesiti, siku tano, pamoja na mapumziko ya chakula na ya chai. Na hizo tano ni nafuu! Mwaka 1939 kule Durban, Uingereza na Afrika Kusini walikubaliana kucheza mpaka mshindi apatikane. Walianza tarehe 3 Machi. Tarehe 14 walikuwa bado wapo. Uingereza ilibakiza mbio 42 tu, mvua ikanyesha, na meli ya kuwarudisha kwao ilikuwa haiwezi kungoja. Wakafunga mizigo. Sare. Sisi hapa mvua inaanza Novemba, inatuachia Aprili. Tukiruhusu mambo hayo, mwisho wa mchezo watauona wajukuu.

"Usidharau, mjomba," akasema. Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003. Mwaka 2024 Uganda iliifunga Papua New Guinea kwenye Kombe la Dunia la ova 20, na mzee wao Frank Nsubuga, miaka 43, alirusha ova nne akatoa wapigaji wawili kwa kugharimu mbio nne tu. Alipotaja 43 alinitazama kwa matumaini, macho yakashuka hadi kitambini, akaghairi. Nikateuliwa mwamuzi.

Mwamuzi anahesabu mipira. Nina vijiwe sita vya malakiti mfuko wa kulia. Kila mpira ukirushwa, kimoja kinahamia wa kushoto. Kazi rahisi mahali pengine. Hapa mtoto wa mtaani akikuona unapapasa mawe ya kijani mfukoni anakuuliza umeyachimba wapi.

Lakini linaloninyima usingizi ni hili: mwamuzi hasemi mpaka aulizwe. Unaona kwa macho mawili kwamba mpigaji katoka, hata mwenyewe anajua katoka, lakini sheria inakufunga mdomo hadi mmoja wa wapinzani akupigie kelele, "Vipi, mwamuzi?" Ndipo unainua kidole. Wasipouliza kabla mrushaji hajaanza kuuendea mpira unaofuata, kesi imekufa. Peleka sheria hiyo Mazembe wakikutana na Lupopo! Pale watu huuliza kabla kosa halijatendeka.

Sasa ugonjwa umeingia nyumbani. Kipande cha samaki kikiwa kidogo: "Vipi, mwamuzi?" Mtoto mmoja akitumwa maji mara mbili: "Vipi, mwamuzi?" Umeme ukikatika, wote wanatoka uani, mikono juu, wanaikabili nguzo na kuuliza kwa sauti moja. Nguzo haijawahi kuinua kidole.

Mama watoto nilidhani hayamhusu. Juzi akaja na daftari la matumizi, kaliweka juu ya ile kreti tupu. "Papa, pesa ya mwezi imepungua. Vipi, mwamuzi?"

Nikamjibu kwa heshima zote za kazi yangu kwamba mshahara ulipokewa zamani, dai limechelewa, tusonge mbele.

"Mpira unaofuata ni mshahara unaofuata," akasema. "Na bado haujaingia."

Nikamgeukia mpwa wangu anitetee kisheria. Kijana alikuwa ameshainua kidole.