Jinsi ya Kubuni Soko la Dhahabu Bunia Likakushinda

Anza na vitabu vya wakubwa. Alvin Roth na Lloyd Shapley walipata Nobel ya uchumi mwaka 2012. Paul Milgrom na Robert Wilson wakaipata 2020 kwa kazi yao juu ya minada. Wanafundisha kwamba soko lina kanuni, na kanuni hutungwa na mtu. Roth anaweka na sharti: anayeingia sokoni awe salama, asiogope kuonyesha alichonacho. Ukifika hapo, ruka ukurasa. Ukiusoma itakubidi uende Djugu, jirani na Bunia mkoani Ituri, mashariki mwa Kongo, ambako mchimbaji huficha dhahabu yake mwilini, maana kwenye kizuizi cha wanamgambo na kwenye kizuizi cha wenye sare, kote anadaiwa.

Kisha leta makaratasi: kadi ya mchimbaji, kibali cha negosian (mnunuzi wa kati), cheti cha dhahabu cha nchi za Maziwa Makuu. Kila ofisi itoze ada yake, na wewe usizijumlishe. Ada zikizidi, Uganda iko jirani, na dhahabu ya bei ya nyumba huingia mfukoni. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika miaka nenda miaka rudi kwamba dhahabu ya Ituri hupitia Kampala kwenda Dubai.

Zaidi ya yote, usimuulize mchimbaji anakula nini wiki ambazo shimo halitoi kitu. Anakula mchele wa deni. Mfanyabiashara humkopesha PDG, ndivyo mwenye shimo anavyoitwa huku kwetu: mchele, mafuta ya pampu, pesa za dawa mtoto akiugua. Deni hulipwa kwa dhahabu, na mzani ni wa mkopeshaji. Ni kamzani kadogo ka visahani viwili, na njiti ya kiberiti huweza kuwekwa upande mmoja ikawa ndiyo jiwe la kupimia. Mnunuzi anapuliza mchanga kwa mdomo. Chembe zinazoangukia mezani hazirudi kwa mwenyewe. Mchimbaji anaona kila kitu. Ananyamaza, kwa sababu kesho atahitaji mchele tena. Huu ni wizi, na hakuna cheti kinachouona.

Shirika la IMPACT la Canada lilijaribu njia nyingine wilayani Mambasa, katika mradi wa Just Gold: uza kihalali, upate vifaa na mafunzo. Dhahabu yenye cheti ilifika Canada kweli, na waliofanya kazi ile wanastahili heshima. Lakini mwenye deni hachagui mnunuzi.

Ukishindwa kabisa, mpe mnunuzi mmoja soko zima. Serikali ya Kinshasa ilifanya hivyo katika mji wa Bukavu mwaka 2023 na Primera Gold, ubia wake na kampuni ya Falme za Kiarabu. Dhahabu iliyoandikwa rasmi ilipanda hadi takriban tani 5 mwaka ule, na hilo si dogo. Mwaka 2024 serikali ikachukua hisa zote, kampuni ikaitwa DRC Gold Trading. Kama mchimbaji alibakiwa na pesa zaidi, hilo halikuwa swali la mtu.

Ninyi mnaochora soko lijalo la Ituri, nawaomba muanzie chini: mkopo wa haki kwa wenye mashimo, mizani inayokaguliwa, na barabara ya kutoka machimbo ya Mongbwalu hadi Bunia ambayo mtu ataipita na tola moja ya dhahabu mfukoni asiporwe. Vyeti vifuate baadaye.