Waraka kwa Waheshimiwa Wakaguzi wa Koala

Waheshimiwa wataalamu mnaokagua misitu ya Queensland na New South Wales kabla tingatinga halijaingia,

Pokeeni pongezi zangu kwa macho yenu makali. Koala hulala hata saa 20 kwa siku, kijivu kwenye mkaratusi wa kijivu, kajikunyata asitikisike. Ninyi mnapita chini yake asubuhi moja, na kabla ya chakula cha mchana mmeshathibitisha kwamba hayupo. Kipaji hicho hakugawiwa kila mtu.

Kanuni mnazo, tena nzuri. Ile ya watafiti Phillips na Callaghan ya mwaka 2011 inataka miti 30 ichunguzwe, na punje za kinyesi zitafutwe mita moja kuzunguka shina la kila mmoja. Si lazima mnyama mwenyewe aonekane. Ila mvua na wadudu huzimaliza punje hizo, na penye koala wachache unaweza kuikagua miti yote 30 ukatoka mikono mitupu. Ndiyo maana wenzenu hurudi. Huja na mbwa wa kunusa, hurusha droni zenye kamera za joto usiku wa baridi, huacha vinasa sauti msituni majira ya kupandana, dume anapokoroma kwa sauti isiyolingana kabisa na umbo lake. Hayo yana gharama, na mara nyingi anayewalipa ndiye huyo huyo anayetaka kujenga. Si adabu mgeni kumkosoa mwenyeji chakula kikiwa bado mezani.

Linalonishangaza zaidi ni kuipima kwa siku moja nchi inayobadilika kila msimu. Kamati ya bunge la New South Wales ilikadiria mwaka 2020 kwamba moto wa 2019–2020 uliua koala wasiopungua 5,000 katika jimbo hilo, ikaonya kuwa bila hatua za dharura watatoweka humo kabla ya 2050. Msitu ulioungua leo hauna punje. Majani yakichipua, madume vijana wanaohama watafika, wakute ripoti yenu ilishauita mtupu na barabara imekwishapita. Watafidiwa miche inayofika magotini.

Septemba 2025 jimbo hilo lilitangaza hifadhi kubwa ya koala, hekta 476,000 ukijumlisha na hifadhi za zamani, na droni zikakadiria humo koala zaidi ya 12,000. Heko. Ila tafadhali, asije mmoja wenu akaandika kwamba wameongezeka. Kamera bora haizai watoto. Tangu Februari 2022 koala wa majimbo yenu wamo katika orodha ya taifa ya wanyama walio hatarini kutoweka.

Ombi langu ni dogo. Ukurasa wa kwanza wa kila ripoti useme mlikaa msituni kwa saa ngapi, msimu gani, mvua ilinyesha lini, na nani alilipa. Kisha rudini tena dume akikoroma.

Wenu mtiifu,
Msomaji wa ripoti zenu