Namna ya Kumtafiti Mtoto wa Mbinga Bila Kusumbuliwa Naye

Anza na vibali. Ukishapata barua ya COSTECH na ile ya maadili ya NIMR, peleka nakala kwa Katibu Tawala wa Mkoa pale Songea, kisha wa Wilaya, kisha Mkurugenzi, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Kote huko utasaini kitabu cha wageni. Mtoto hana muhuri, kwa hiyo utamfikia mwisho, posho ikiwa imekwisha.

Halafu mgawanye. Programu ya taifa ya malezi na makuzi, iliyozinduliwa Desemba 2021, inataka afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali na ulinzi viende pamoja. Wewe chagua kimoja. Mama akikuambia, "Daktari, huyu anakohoa tangu juzi," mjibu kwa upole kwamba wewe ni daktari wa falsafa, na kikohozi hakimo kwenye dodoso.

Nenda Julai. Njia ni kavu, kahawa inachumwa, maharage yameshatoka shambani. Machi usithubutu. Machi Wamatengo, wenyeji wa milima ya Mbinga, wako kwenye ngoro: mwanamume amefyeka majani na kuyapanga miraba miraba, na mwanamke ndiye anayechimba udongo wa kuyafukia na kupanda maharage juu yake, kwenye mteremko wa kukatisha pumzi, mtoto akiwa mgongoni au amebaki nyumbani na dada yake wa miaka saba. Ungekuwepo ungeona ni nani anayemlisha mchana, mara ngapi, na kitu gani. Ila kuna matope. Robert Chambers aliwaumbua watafiti wa kiangazi na wa kandokando ya lami tangu 1983; mtaje kwenye marejeo, kisha ufuate lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay na kuchukua sampuli pale gari linapoweza kugeuza.

Kipimo kitoke mbali. Ng'ambo ya ziwa, Malawi, Melissa Gladstone na wenzake walichapisha mwaka 2010 kipimo cha makuzi kilichotengenezwa kwa watoto wa vijijini, kwa sababu vya Ulaya havikuwakaa. Hicho ni cha jirani, hakina hadhi. Chukua chenye vibao sita vya kupanga mnara. Mtoto wa Liuli, ufukweni mwa ziwa hilo, akivilaza kimoja nyuma ya kingine, akapachika kimoja juu kiwe mvuvi, akasukuma safu nzima mchangani huku akiunguruma kama injini ya boti na kumpigia mwenzake kelele apishe njia, andika sifuri. Mnara haukusimama.

Sasa lishe, na hapa uwe mwangalifu zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ruvuma, mkoa huu wa Mbinga unaosifika kwa mahindi, ulikuwa juu ya wastani huo. Usiulize inakuwaje. Ukiuliza utaambiwa habari za uji mweupe mtupu unaopikwa alfajiri na kunywewa mpaka jioni kwa kuwa mpishi yuko mlimani, na za usipa, dagaa wa ziwani, unaoanikwa mbele ya mtoto kisha kupakiwa kwenye magunia kwenda Songea, kwa sababu daftari na sabuni havinunuliwi kwa usipa uliokwisha kuliwa. Andika: "Mama hana elimu ya lishe." Sentensi hiyo inatosha kwenye slaidi na inaleta bajeti ya semina.

Atatokea mmoja wa kukubishia. Atakutajia makundi ya chakula yote bila kukosea, kama alivyofundishwa kliniki, kisha atakuuliza nani atabaki na mtoto yeye akienda ngoro, na karanga za kutia kwenye uji zitoke wapi mwezi huo. Jibu lake liweke chini ya "mengineyo". Wanaume usiwahoji kabisa. Wako ziwani au wamelala, na dodoso limeandikwa "mlezi".

Ukimaliza, gawa sabuni, piga picha, ondoka. Mtendaji wa kijiji akidai matokeo, mwambie makala ipo mtandaoni, kwa Kiingereza, na inasomwa kwa kulipia dola. Akisisitiza apewe nakala ya kusomea mkutano wa kijiji, muulize kama ana kibali.