Idumu Ankara ya Sevisi

Mnazi umesifiwa, jahazi limesifiwa, hata kahawa chungu imepata wa kuitungia beti. Ankara ya sevisi, ile inayotoka kwenye gereji za kampuni zinazouza magari mapya, imeambulia matusi. Wenye magari wa Dar es Salaam huipiga picha, wakaisambaza kwenye makundi ya WhatsApp na kuulizana kama gari limefanyiwa sevisi au limenunuliwa upya. Huo ni utovu wa shukrani. Katika karatasi zote zinazopita mkononi mwa mwenye gari, kuanzia kadi hadi bima, hakuna iliyoelimisha watu wazima wengi kama hii. Leo naisifu, na nitaisifu kwa mpango: nasaba yake, sura yake, ukarimu wake, matendo yake, na mwisho wapinzani wake.

Kwa nasaba, ankara hii ni mtoto wa watu. Haikuzaliwa chini ya mwembe kwa fundi mwenye ovaroli moja. Imezaliwa kwenye jengo la vioo, juu ya vigae vinavyong'aa hadi mteja aliyetoka Mbagala anafikiria kuvua viatu mlangoni. Baba yake ni fedha za kigeni, kwani spea huagizwa ng'ambo, na kila shilingi inapoteleza mtoto huongezeka kimo. Mama yake ni kitabu cha saa za kazi, kinachopanga kila kazi ihesabiwe muda gani. Kitabu kikisema saa 2, umelipia saa 2, hata kama kijana hodari amemaliza mapema na sasa anakunywa chai kwa muda wako. Mjomba wake ni VAT. Huku Tanzania kwa kawaida anachukua asilimia 18, kwa Wakenya asilimia 16, na hakuna shughuli ya familia aliyowahi kuikosa.

Sura yake nayo inapendeza. Fundi wa mtaani huandika hesabu kwenye kipande cha boksi la filta: oili, filta, ufundi, na ya soda, bosi. Ankara ya kampuni imechapwa, ina nembo, na kila spea inatajwa kwa namba yake ndefu kama mtu anayetajwa kwa jina la babu. Humo hakuna kinachodharauliwa. Matambara yaliyofutia mikono yana mstari wao. Dawa iliyopuliziwa breki ina mstari wake. Oili chafu iliyotoka kwenye injini, ambayo vijijini hupakwa nguzo na mbao ili mchwa wakae mbali, hapa ina gharama ya kuondolewa, na unailipia kwa heshima kama anayegharamia mazishi.

Tukija kwenye ukarimu, fundi wa mwembeni atakusimamisha juani umshikie tochi, kisha akutume Ilala ukamletee bushi. Ankara hukukaribisha ndani kwenye kiyoyozi, kochi laini na kahawa. Mshauri wa huduma, kijana mwenye tai, anakuita "mzee wangu" bila kujali umri wako, halafu anakuja na fomu ya ukaguzi yenye rangi tatu. Kijani maana yake ni salama, njano maana yake ni hatarini, nyekundu maana yake ni toa pochi. Kijana huyu hasemi kamwe kwamba ni lazima. Husema "tunashauri". Anashauri kusafisha injekta, anashauri kupima mpangilio wa magurudumu, anashauri kwa upole mwingi hadi kukataa kunaonekana ni kulionea gari. Mwishoni gari linaoshwa bure, na mtu aliyelipa malaki anaondoka akiwasimulia wenzake kwamba wale jamaa wameliosha bure.

Sasa matendo, na hapa ndipo sifa zake zinapozidi. Ankara ni shule. Kila mstari wake ni somo, na asiyeweza kuulipa mara ya pili hulazimika kuuelewa. Chukua Toyota IST, gari ambalo halikosekani kwenye foleni yoyote ya jiji hili. Zipo zenye injini ya 1NZ-FE, ileile iliyomo kwenye baadhi ya Vitz na Probox. Ankara inasema: kubadilisha oili na filta. Mwenye gari anaitazama ile jumla, anatazama tena, kisha kwa mara ya kwanza katika maisha yake anauliza swali la kisayansi: hivi wamefanya nini hasa?

Jibu linapatikana chini ya gari. Kuna bolti moja ya kumwagia oili, inayofunguliwa kwa spana namba 14. Kuna filta inayofunguka kwa kuzungushwa. Unaiwasha injini kidogo ili oili ilainike, unazima, unamwaga kwenye beseni, unarudisha bolti na washa mpya, unapaka oili kidogo kwenye mpira wa filta mpya na kuikaza kwa mkono. Kisha unajaza lita 3.7 hivi, unasubiri, unachomoa kijiti na kusoma. Somo limekwisha. Lina onyo moja tu ambalo ankara hailiandiki lakini linafaa kuandikwa kwa wino mwekundu: usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi imara, sehemu tambarare, na breki ya mkono ikiwa juu.

Mstari wa pili: filta ya hewa. Huyu ndiye yule mshukiwa ambaye mshauri wa huduma alimleta mezani akiwa na vumbi, ukaona aibu mbele ya wateja wengine. Makazi yake ni boksi la plastiki lenye vibanio, na kumtoa huchukua muda mfupi kuliko kumaliza ile kahawa. Mstari wa tatu: filta ya kiyoyozi, ambayo kwenye magari mengi ya Kijapani hukaa nyuma ya kisanduku kilicho mbele ya abiria. Hapo aghalabu hutahitaji hata spana. Mwanafunzi wa ankara akifika hapa huwa anakaa kimya kidogo, akihesabu miaka.

Somo la juu kabisa ni la taa ya injini. Ikiwaka, ankara huandika ada ya kupima kwa kompyuta, na neno kompyuta humnyamazisha mtu mzima. Lakini soketi ya kupimia iko chini ya dashibodi, upande wa dereva, na kifaa kidogo cha Bluetooth kinachouzwa Kariakoo huweza kusoma namba ya hitilafu kwenye simu kwa magari mengi. Tuseme imekuja P0301, yaani silinda ya kwanza inakosa kuwaka. Ankara ingeshauri koili nne na plagi nne, kwa usalama. Mwanafunzi wake anahamisha koili ya silinda ya kwanza kwenda ya pili, anaifuta ile namba, anazunguka mtaa. Ikirudi P0302, ugonjwa umehama na koili, kwa hiyo koili ndiyo mgonjwa, na ni moja tu. Ikibaki P0301, atazame plagi au injekta. Mtu huyu alimaliza shule akiichukia fizikia. Ankara moja imemrudisha darasani.

Haki itendeke pia kwa wapenzi wa ankara, kwani wapo. Wengi huendesha magari ya miradi ya wafadhili, yenye namba za DFP, au ya kampuni zenye ofisi ya manunuzi. Hao huisifu bila kejeli yoyote, na siri ya mapenzi yao ni kwamba ankara haiwajui; inakwenda kwa mhasibu. Wengine ni wenye magari mapya, ambao dhamana yao inawataka waweke kumbukumbu safi ya sevisi. Kwao ankara ni hirizi, na kuikwepa ni kujitafutia ubishi siku injini itakapogoma. Lakini wengi wetu tunaendesha magari yaliyotumika Japan. Hata Kenya, isiyopokea gari lililozidi miaka 8, gari la aina hiyo kwa kawaida huteremka Mombasa dhamana yake ya kiwandani ikiwa imekwisha au haiwezi kudaiwa huku. Sisi tukienda kwenye jengo la vioo tunanunua kitu kingine, na hicho ndicho ankara inachouza kwa kweli. Oili ipo kwenye maduka ya Gerezani, na kule Nairobi ipo Kirinyaga Road. Ankara inauza haki ya kutojua. Ni bidhaa halali, ina raha yake, na mwenye uwezo asionewe wivu akiinunua. Ila ajue ameinunua.

Nimefika kwa wapinzani. Wa kwanza ni fundi maiko, anayetibu kila ugonjwa kwa nyundo na kuapa kwamba gari hili analijua tangu utoto. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na huyu ndiye mpishi waliyemlenga. Atakuuzia filta ya bandia ndani ya boksi la orijino. Atamimina mafuta ya gia ya kawaida, ATF, kwenye giaboksi ya CVT inayodai mafuta yake maalumu, na mkanda wa chuma ulio ndani ukianza kuteleza, bei ya giaboksi itaifanya ankara ya kampuni ionekane sadaka. Bei ya maiko ni ndogo kwa sababu imegawanywa: nusu unalipa leo, iliyobaki utadaiwa Chalinze, usiku, mvua ikinyesha.

Mpinzani wa pili ni wewe mwenyewe, na huyu naye ana gharama zake. Atanunua seti ya spana. Atapoteza Jumapili. Majirani watakuja kumshauri, kila mmoja na injini yake kichwani, na mmoja wao ataondoka na bisibisi. Yapo pia mambo ambayo hapaswi kuyagusa kwa kiburi cha kuweza kumwaga oili: mifuko ya hewa, mfumo wa ABS, ile CVT, au breki ikiwa hajawahi kuonyeshwa na anayejua. Hapo ankara inastahili kila shilingi, pamoja na ile ya matambara.

Ndiyo maana siitakii kifo. Mteja anayeitisha gereji ya kampuni si yule anayegombana mapokezi hadi mlinzi anaitwa. Ni yule anayeomba makadirio kabla ya kazi, anauliza mstari hadi mstari, kisha anasema kwa adabu: naomba spea zangu za zamani mniwekee kwenye boksi. Mbele ya mtu huyo nyekundu huanza kuwa njano, na yale ya "tunashauri" husogezwa hadi sevisi ijayo. Na adabu hiyo hakuifundishwa na mzazi wala na fundi wa mwembeni. Alifundishwa na ankara ya kwanza, siku aliyoilipa bila kuuliza.

Najua mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na ankara ikisifiwa itaongeza mstari. Iongeze. Ipandishe saa ya kazi, itoze kahawa, iandike hata hewa ya kiyoyozi kwa namba yake ya spea. Kila mstari unaoongezeka unamtoa mtu mwingine kwenye kochi na kumpeleka dukani kuulizia spana namba 14, na wauza spana wa Gerezani nao wana watoto wa kusomesha.