Mbona Kwangu Iko Hivi?

Mteja wangu akiona kasoro kwenye tovuti yake haandiki maelezo. Anapiga picha. Tena si ile picha ya skrini ya kubonyeza vitufe viwili, hapana. Anaazima simu ya pili, anaipiga picha simu ya kwanza, taa ya dukani ikimetameta kwenye kioo na kidole gumba kikiwa kimefunika palepale penye tatizo. Inaingia WhatsApp saa tano usiku na swali moja: “Fundi, mbona kwangu iko hivi?”

Kwako wapi, baba? Simu gani? Kivinjari gani? Nimeacha kuuliza, maana jibu nalijua: “Kwa intaneti.”

Natengeneza tovuti za wafanyabiashara wadogo wa Yeoville, hapa Johannesburg, na wengi wao ni Wakongomani. Anayeninyima usingizi kwa sasa ni Papa mmoja wa Lubumbashi anayesafirisha mizigo. Lori lake linatoka hapa, linapita mipaka ya Beitbridge, Chirundu na Kasumbalesa mpaka kwao, barabara mwanzo mwisho. Kwenye tovuti ametaka ndege. Tena iruke. Sikubishana naye, ndege ya kuchora haili mafuta. Kilichonimaliza ni sharti lake la pili, ambalo alihakikisha limeandikwa kwenye mkataba: tovuti ionekane sawasawa kila mahali.

Sawasawa! Mimi mtu simtumii picha. Namtumia maagizo, na kivinjari chake ndicho kinachochora. Chrome inachora kwa injini iitwayo Blink, na Edge ya Microsoft imehamia hukohuko tangu Januari 2020. Firefox ina Gecko yake, Safari ina WebKit. Kila mmoja na mkono wake. Kichwa cha habari cha Papa, “Johannesburg–Lubumbashi kila wiki”, kwenye simu yangu ya Android kinakaa mstari mmoja, kimetulia. Kwenye iPhone yake herufi ni za familia nyingine na upana wake ni mwingine, kwa hiyo neno “wiki” linaporomoka peke yake mstari wa chini na kusukuma kila kitu kilicho chini yake.

Na chini yake kuna kitufe cha kuagiza gari, kitufe pekee kinachomwingizia Papa pesa. Nimeamuru kasha linalovibeba vyote hivyo lijaze kimo chote cha skrini, kitufe kikae mwishoni kabisa. Safari ya iPhone inapima kimo hicho kana kwamba upau wa anwani haupo, halafu inauleta upau na kukikalia kitufe changu. Dawa ipo siku hizi, kipimo kinaitwa dvh, na Safari yenyewe ilikileta mwaka 2022. Lakini simu ya zamani haikijui. Kwa hiyo naandika mstari wa kimo mara mbili, wa zamani juu, mpya chini, na simu isiyoelewa wa pili inaendelea na wa kwanza. Papa akinikuta nafanya hivyo atasema namlipisha kazi moja mara mbili.

Siku moja akaja na ushahidi. Kashusha Chrome kwenye iPhone yake, kafungua tovuti, kitufe hakionekani. “Unaona? Hata Chrome inakukataa. Ni weye.” Nikamweleza kwamba Apple huvilazimisha vivinjari vya iPhone kutumia WebKit, na kwamba waliofunguliwa mlango kwanza ni watu wa Umoja wa Ulaya, mwaka 2024. Hiyo Chrome yake ni Safari yenye nembo nyingine. Alinitazama kama anayesikiliza mwizi akijitetea.

Na kusema kweli, vivinjari vyenyewe ndivyo vinavyonifanya nionekane mwongo. Kila kivinjari kikifika kwenye tovuti hujitambulisha kwanza. Chrome inajitambulisha hivi: mimi ni Mozilla, nina AppleWebKit, KHTML, nafanana na Gecko, ni Chrome, halafu ni Safari. Majina yote hayo ni ya mtu mmoja. Zamani tovuti zilikuwa zinawabagua wageni kwa majina, basi kila mgeni akabeba jina la aliyekaribishwa kabla yake, na hakuna aliyethubutu kuliacha. Jaribu kujitambulisha hivyo kwa polisi wa Hillbrow uone utalala wapi.

Halafu kuna marehemu Internet Explorer, aliyestaafishwa rasmi tarehe 15 Juni 2022. Matoleo yake ya mwanzo yalikuwa yakihesabu upana wa kasha pamoja na pambizo za ndani na mipaka yake, kinyume na kanuni. Tulimtukana kwa hilo. Leo kila faili langu linaanza na mstari unaoviamrisha vivinjari vyote vihesabu vilevile alivyokuwa anahesabu yeye, kwa sababu ndiyo hesabu ya mtu mwenye akili timamu. Hakuna aliyekwenda kumwomba radhi.

Nchi hii ina watu walioamua kulimaliza tatizo kwa upande wa pili. Julai 2017 Adobe ilitangaza kwamba Flash, programu yake ya kuchezesha picha na fomu ndani ya kivinjari, itazikwa mwisho wa 2020. Ikazikwa kweli, na tangu tarehe 12 Januari 2021 ikawa inagoma hata kufungua kilichotengenezwa kwayo. Baadhi ya fomu za mtandaoni za SARS, mamlaka ya mapato, zilikuwa bado zinaitegemea. Mwezi huohuo SARS ikatoa kivinjari chake yenyewe, cha kompyuta za Windows, cha kufungulia fomu hizo. Dunia nzima tunahangaika kuushona ukurasa uvienee vivinjari, wao wakashona kivinjari kiuenee ukurasa! Nilicheka mpaka nikamwonea wivu aliyepewa bajeti ile. Papa sijamsimulia, maana kesho yake ataniagiza cha kwake, chenye ndege.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba tunapigania iPhone ya mtu mmoja. Nenda soko la Yeoville, pale Rockey Street, uwatazame akina mama wanaopeleka mizigo kwa gari la Papa. Simu zao ni za bei nafuu na data wanainunua kwa kupima. Mpaka mapema 2020 gigabaiti moja ya siku 30 ya Vodacom ilikuwa randi 149. Tume ya Ushindani ikabana, ikashuka hadi 99 Aprili mwaka huo. Nafuu, lakini si ya kurushia ndege. Ndiyo maana wengine wanatumia Opera Mini, ambayo ikiwekwa kwenye hali ya kubana kabisa haiusomi ukurasa kwenye simu. Seva za Opera zinausoma, zinaukamua, zinatuma makapi mepesi. Menyu ya kufunguka kwa kugusa, ukiigusa inarudi kuuliza seva. Ndege ya Papa huko haijawahi kupaa, imeegeshwa tu juu ya neno Lubumbashi.

Nikapendekeza namba ya simu ikae juu kabisa, kwa maandishi makubwa, bila picha. Itasomeka kwa kila kivinjari kilichopo na kitakachozaliwa. Papa akanuna. “Fundi, hii iko kama SMS.” Ni kweli, na SMS inafika.

Nikajaribu historia. Nikamwambia CSS, lugha ninayopangia kurasa, ilipendekezwa mwaka 1994 na Mnorwe Håkon Wium Lie akiwa CERN, kule Uswisi, na tangu siku hiyo wazo lilikuwa kwamba mwenye ukurasa apendekeze na msomaji naye awe na kauli juu ya herufi na rangi. Kufanana kila mahali hakuna aliyekuahidi, Papa. Alisikiliza kwa heshima zote, mikono kifuani. Kisha akauliza: “Na huyo Lie, alikuwa analipwa na mteja?”

Nusu ya malipo amenipa. Nusu nyingine itatoka tovuti ikishakuwa sawasawa kila mahali. Tulikuwa tumekaribia, kitufe kinaonekana, “wiki” imerudi mstarini, mpaka Jumamosi alipoleta nyumbani televisheni ya inchi 65 inayoingia intaneti. Ameshanitumia picha.