Theluthi ya Mshahara, Uvivu Mzima

Wapo wanaoapa kwamba fao la kukosa ajira huzaa wavivu. Haya, tuhesabu. Tanzania, tangu sheria ya 2018, aliyepunguzwa kazini hupewa theluthi ya mshahara kwa miezi 6, tena awe amechangia miezi 18. Aliyeacha kazi kwa hiari yake haambulii kitu. Wa 600,000 apokee 200,000, atoe kodi ya chumba na nauli ya kuzungusha bahasha ya kaki: huo uvivu ataufanya saa ngapi? Mtasema ajiajiri. Sawa, ila mtaji wa genge hautoki kwenye hotuba, na mgambo akipindua meza ya nyanya haulizi nani mjasiriamali. Mheshimiwa mbunge naye, bunge likivunjwa, hupokea kiinua mgongo, wala hatujasikia kikimlemaza.