Tatizo la Pikipiki

Muulize mwenye pikipiki yake ya kwanza ya bei nafuu, ile ya cc 125 au 150 kutoka India au China, atakusifia mpaka uone haya kumiliki gari. Hainywi mafuta! Spea zake utazikuta mpaka kijijini. Injini inapozwa na upepo, haina rejeta ya kuchemka wala kompyuta ya kununa. Fundi wa chini ya mwembe anaifungua kwa spana mbili na kuifunga kabla chai haijapoa.

Akimaliza sifa, kaa vizuri usikilize lawama. Shokapu laini mno: iweje zilalamike kwa abiria watatu tu wa mshikaki, godoro na mbuzi? Kweli, iliundwa kwa watu wawili, lakini hayo yalikuwa kwenye kitabu cha maelekezo, na kitabu kilishafungiwa maandazi. Breki ya nyuma haishiki. Breki shuu ziliisha tangu masika. Mnyororo unalegea ovyo, nao haujaonja oili tangu utoke dukani. Kiki ngumu asubuhi. Plagi imejaa masizi kama sufuria ya msibani. Vioo vya pembeni vilikuwa vinatetema, akaving'oa, na sasa kero ni kwamba huko nyuma haoni kitu.

Tuwe waungwana, mteja ana haki. Kwa pesa yote ile, kiwanda kingemtilia na dereva.